Mwalimu wa Usukani Anajibu: Dereva Mbaya ni Nani, na Mwendo Salama ni Upi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni akina nani wanaotumaliza barabarani, na mtu atajuaje mwendo unaomfaa. Nimechagua sita. Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza, niliendesha lori la majani chai upande wa Kericho kabla ya kuanza kufundisha udereva hapa Nakuru. Kwa hiyo nitakayosema ni ya barabara zetu hizi, zenye milima, ukungu na matrekta ya miwa.

SHEMEJI ANASEMA WANAWAKE NDIO TATIZO

Mwalimu, salamu kutoka Kiamunyi. Nilipata leseni mwaka huu, na mwisho wa wiki huenda Kericho kumwona mama. Barabara ya Salgaa hadi Mau Summit naiendea kwa kilomita 70 kwa saa. Nyuma yangu huwa ni honi na kuwashiwa taa bila kikomo. Juzi nilimbeba shemeji, naye akasema ndiyo sababu wanawake hawafai kuachiwa barabara kuu, eti mwenda polepole ndiye anayeleta ajali. Anataka nikimbie 100 kama wengine. Je, mimi ndiye dereva mbaya?
Mama wa wawili, Kiamunyi

Dada yangu, shemeji amekubebesha mambo mawili kwa pamoja, la wanawake na la mwendo. Nitayatenganisha, kwa sababu la kwanza si kweli na la pili ni kweli nusu.

Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hufa barabarani takriban mara tatu zaidi ya wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wanaume kuwa wengi kwenye usukani na kwenda masafa marefu, na sitaki kukupa hesabu ya kupendelea upande wetu. Lakini anayesema wanawake ndio hatari ya barabara, kwanza aieleze hesabu hiyo.

Kwa nini basi imani hii haifi? Mimi hukaa kiti cha kushoto cha gari la mafunzo, na naiona inavyojengwa. Gari likimzimikia mwanafunzi wa kike pale mlimani akijaribu kuingia barabara kuu, vijana wa bodaboda wote hugeuka, na hakosi mmoja wa kusema, "Wanawake!" Likimzimikia wa kiume pale pale, husemwa klachi ni mbovu. Kosa la mwanamke huandikwa kwenye daftari la wanawake wote. Kosa la mwanamume ni lake peke yake, au ni la gari. Ukihesabu namna hiyo mwaka mzima utapata jibu lile lile ulilokuwa nalo tangu mwanzo.

Tena tazama makosa tunayoyacheka ni yapi. Kuzimikiwa na gari, kuegesha upande, kurudi nyuma mara tatu penye nafasi ya kutosha, kusitasita kwenye mzunguko. Yote ni makosa ya mwendo wa kilomita kumi kwa saa. Yanaudhi, yanakwaruza bampa, lakini hayajazi makaburi. Anayepita trela kwenye kona ya Sachangwan akiwa 110 haonekani kama amekosea. Usukani umetulia, kiwiko kiko dirishani, na abiria wake wanamsifu kuwa anaijua kazi. Aibu ndogo tumeiita udereva mbaya, na jambo linaloua tumeliita ustadi. Hilo linaniumiza, kwa sababu wanafunzi wangu wa kiume hufika darasani wakiwa wameshalimeza, nami huwa na wiki chache tu za kulitoa.

Wala si kwetu tu. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha matokeo ya kuwataka madereva wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya walio bora. Kwa Waswidi ilikuwa asilimia 69. Nusu haiwezi kuingiza watu 93 kati ya 100. Kila mtu ana dereva mbaya anayemfikiria, na dereva huyo daima ni mwingine: mwanamke, mzee, mtu wa Probox, kijana wa Subaru.

Sasa tuje kwenye mwendo. Sheria ya Trafiki inaruhusu gari dogo 100 kwenye barabara isiyotenganishwa, 110 kwenye iliyotenganishwa, na 50 ndani ya miji na vituo vya biashara. Matatu, mabasi na malori mwisho wao ni 80. Huo ni mwisho wa juu. Hakuna mahali sheria inakulazimisha uufikie.

Fanya hesabu hii pamoja nami, kisha umfanyie shemeji. Ukiwa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Tangu jicho limwone ng'ombe hadi mguu ubonyeze breki, mtu hupoteza kama sekunde moja na nusu, kwa hiyo mita 33 zimekwisha na gari halijapungua hata kidogo. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita 35 zaidi. Jumla ni karibu mita 70. Sasa weka gari la pili sambamba, breki zile zile, macho yale yale, ila hili liko 100. Pale lile la kwanza limesimama kabisa, hili la pili bado linakwenda karibu 70 kwa saa. Watu hudhani litakuwa limebakiza zile 20 zilizozidi. Hapana, limebakiza 70. Ng'ombe wa kwanza amepona, na wa pili amegongwa kwa mwendo ule ule unaopigiwa honi wewe. Sababu ni kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa na breki huwa mara nne.

Hiyo ni lami kavu. Ikilowa, ile mita 35 ya breki hukaribia 60, na unakokwenda wewe mvua ya mawe ni jambo la kawaida alasiri. Ukungu wa Mau Summit ukishuka ukaona mita 40 tu mbele, hata 70 yako ni kubwa mno. Mwendo wako usizidi ule unaoweza kusimama ndani ya kile unachokiona, na kwa hilo utabadilisha mwendo mara nyingi katika safari moja.

Ukifika makutano ya Londiani, kumbuka kilichotokea tarehe 30 Juni 2023. Trela liliacha njia likawaingia wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Watu wale hawakuwa barabarani, walikuwa kando yake. Penye soko, punguza hata kama njia ni nyeupe kabisa mbele yako.

Ile nusu ya kweli ya shemeji ni hii. Mwaka 1964, David Solomon alichunguza ajali za barabara kuu za Marekani, akaona kuwa magari yaliyotofautiana sana na mwendo wa wengine, ya kasi na ya polepole, yaliingia kwenye ajali zaidi. Waliochunguza baada yake walionyesha kuwa mengi ya yale ya polepole yalikuwa yanapunguza ili yakate kona, au ndiyo kwanza yanaingia barabarani. Hata hivyo, kwetu ambako kumpita mtu ni kuingia upande wa wanaokuja, kila anayelazimika kukupita anahatarisha watu. Kwa hiyo mchana mweupe, lami kavu, tambarare ya Ngata inaonekana yote, panda hadi 80. Malori yaliyofungwa vidhibiti mwendo hayatakuwa na sababu ya kukupita. Penye njia ya kupandia mlima, kaa kushoto. Foleni ikikua nyuma yako, tafuta mahali pana, washa indiketa ya kushoto, uwaache wapite. Kumpisha mtu hakukupunguzii chochote. Kinachokatazwa ni kuongeza mwendo kwa sababu umepigiwa honi. Anayepiga honi haoni unachokiona mbele, wala hatakuwa na wewe ukipata ajali.

Na unaporudi Nakuru, ule mteremko wa kutoka Mau Summit kushuka Salgaa, chagua gia kabla hujaanza kushuka. Gari lako likiwa la otomatiki, toa kwenye D uweke 2 au L, injini ikushikie gari, na breki uzitumie kwa vipindi. Ukisikia harufu kama ya mpira unaoungua na pedali inazama, breki zimechemka, tafuta mahali pa kusimama mapema. Kuna madereva wa malori wanaoteremka hapo wakiwa nyutro, yaani bila gia, ili waokoe dizeli. Ukiona lori nyuma linakukaribia haraka kwenye mteremko, usishindane nalo. Toka njiani.

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, nafasi ya kiti cha nyuma ipo.

TUNAITWA WAUAJI

Mwalimu, naendesha Probox kati ya Ahero na Sondu. Nina leseni halali, sinywi, na sijawahi kugonga hata kuku. Lakini mtu akisikia Probox anasema wauaji. Trafiki wananisimamisha hata kabla hawajaona nimefanya nini. Hili gari lina kosa gani, au ni sisi?
Kijana wa Ahero

Mwanangu, gari halina kosa. Toyota walilitoa Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kusambazia bidhaa huko Japani, ndiyo maana lina mgongo ulionyooka na springi zinazostahimili. Lilitengenezwa kubeba watu watano. Jina lake liliharibika watano walipogeuka tisa, na mmoja akakalishwa kwenye kiti cha dereva, bega kwa bega na anayeshika usukani.

Hukuniandikia unabeba wangapi. Sikulaumu bila kujua, lakini jiulize mwenyewe. Ukiwa umebanwa na abiria upande wa gia, mkono wako hauwezi kuzungusha usukani wote. Uzito ukizidi, gari linasimama mbali zaidi, tairi zinachemka, na nyuma inayumba kwenye kona. Dereva mzuri kuliko wote Kenya akikaa hapo atakuwa dereva hatari, kwa sababu amekwisha nyang'anywa mkono mmoja na nusu ya breki.

Kwa hiyo sikubali kwamba kuna aina ya watu wanaoitwa watu wa Probox. Kumbuka magari ya matatu. Februari 2004, sheria za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa, zilidai vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, na abiria 14 kwenye gari la viti 14. Madereva walikuwa wale wale waliokuwa wakiitwa wendawazimu wiki iliyotangulia. Magari yalikuwa yale yale. Lakini abiria walikaa kila mmoja na kiti chake na mkanda wake, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona. Baadaye usimamizi ulipolegea, mambo mengi yalirudi. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza dereva ni mtu wa aina gani, nikaanza kuuliza amewekwa katika hali gani.

Najua utasema hesabu ya mwenye gari, ile pesa unayompelekea kila siku. Inabana, sibishi. Lakini pima faida yenyewe. Kwenye kilomita 20, 80 inakuchukua dakika 15, na 100 inakuchukua dakika 12. Dakika tatu, na hizo utazimaliza zote stejini ukingoja abiria wa mwisho. Na sokoni Katito, ukipita 60 badala ya 50 hushindi chochote kinachohesabika. Ila mtoto akikurupuka, pale gari la 50 lingesimama mbele yake, la 60 lingemgonga likiwa bado kwenye 43 hivi. Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi ubaoni, na kila mara darasa hunyamaza.

Kuhusu trafiki, una haki ya kulalamika. Kumsimamisha mtu kwa umbo la gari lake kunawaacha wengine wapite. Kuna magari makubwa ya bei ghali yanayopita Mbaruk na Gilgil kwa 140, na hakuna jina la kejeli tulilowapa wenyewe. Jina likikosekana, hata macho hayawatafuti. Wewe beba watano, piga 80, na siku ukisimamishwa uwe na cha kuonyesha.

MWANANGU ANATAKA FUNGUO

Mwalimu, nina miaka 74, ninaishi Kakamega na bado naendesha Peugeot yangu. Kijana wangu anataka kuchukua funguo, anasema wazee ni hatari. Mimi huenda 40 kila mahali, mchana na usiku. Mwendo huo una hatari gani?
Mzee, Kakamega

Mzee wetu, heshima yako. Umri peke yake si sababu ya kukunyang'anya funguo, na kijana akisema wazee ni hatari amesema kama wanaosema wanawake ni hatari. Apande nawe, akae kando yako wiki nzima, kisha aseme alichokiona. Ulichelewa kumwona mpita njia? Uligeuza shingo kabla ya kuingia barabarani, au ilikataa kugeuka? Hayo ndiyo mazungumzo ya baba na mwanawe.

Ila 40 yako ina kasoro pande zote mbili. Mjini Kakamega ni mwendo mzuri sana. Kwenye barabara ya Kisumu, ukipanda Chavakali na malori matano nyuma, unawalazimisha kukupita kwenye kona, kwa hiyo panda kidogo au wapishe. Usiku nako, 40 inaweza kuwa kubwa kwako. Jicho la mzee huingiza mwanga kidogo kuliko la kijana, na likipigwa na taa kali huchukua muda zaidi kurudi. Nakuomba, Mzee, pima macho mwaka huu, na safari zako ziwe za asubuhi. Jua likitua, funguo zilale mezani, na usiziondoe hapo kwa ajili ya mtu yeyote.

SIMU NA GARI HAVIKUBALIANI

Mita ya spidi ya gari langu ikisema 100, simu inasema 93. Niamini ipi?
Msomaji, Lanet

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magari haziruhusu mita ionyeshe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, lakini zinaruhusu ionyeshe zaidi kidogo. Ndiyo sababu watengenezaji huiweka ikizidi. Simu huwa karibu zaidi na ukweli ukiwa kwenye mwendo usiobadilika, ila hukawia unapopunguza au kuongeza. Fuata ya gari. Lakini kama umefunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, mita yako sasa inaweza kusema mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, na hapo simu itakusaidia kujua.

MATREKTA YA MIWA USIKU

Mwalimu, natoka kazini Bungoma saa mbili usiku kurudi Mumias. Matrekta ya miwa hayana taa za nyuma. Nimeponea mara mbili. Watu wananiambia niwashe taa kali muda wote na nikimbie nifike mapema. Ni sawa?
Mfanyakazi, Mumias

Hapana, kaka, si sawa. Barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote.

Taa zako za chini zinamulika barabara kama mita 40 hadi 60 mbele, kutegemea gari na usafi wa vioo vya taa. Kwa 80 unahitaji karibu 70 kusimama. Maana yake ni kwamba ukiwa 80 kwa taa za chini, trela jeusi lililosimama mbele yako umeshaligonga kabla hujaliona, hata kama hujalala, hata kama una miaka 30 ya kazi. Ustadi hauna nafasi ya kuingia hapo. Kwa taa za chini, 50 ndiyo inayokuacha na mita za kusimamia, au 60 kama taa ni nzuri na lami ni kavu. Taa kali zitumie barabara ikiwa tupu, na uzishushe mapema anapokuja mtu, kwa sababu ukimpofusha ndiye anayekuja kwako.

Akikupofusha yeye, usiangalie taa zake. Shusha macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami na ushushe mwendo papo hapo. Zile sekunde mbili tatu baada ya kupishana ndizo mbaya zaidi, maana jicho halijarudi, na trekta huwa liko hapo hapo nyuma ya mwanga.

Kuna dalili ambazo madereva wa upande wenu wanazijua na wageni hawazijui. Ukianza kuona miwa imedondoka kwenye lami, fimbo moja hapa, mbili pale, kuna trela mbele yako na halijaenda mbali. Ikiwa miwa haijakanyagwa, liko karibu sana. Ukiona matawi mabichi yamewekwa barabarani, kuna gari limeharibika, na mara nyingi matawi ya kwanza huwa karibu nalo mno kuliko inavyotakiwa. Hapo usisubiri uone gari lenyewe. Harufu ya dizeli nzito na moshi kwenye taa zako pia ni habari. Kwenye mpando, hesabu kwamba lipo tu, maana trela lililojaa hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Osha taa na kioo cha mbele kabla hujatoka kazini. Vumbi la upande wenu likichanganyika na umande hugeuza kila taa ijayo kuwa ukungu. Na kama kuna mwenye matrekta anayesoma ukurasa huu, namwomba kwa moyo wote: mistari ya kuakisi mwanga nyuma ya trela ni gharama ndogo kuliko mazishi ya mtu mmoja. Sheria inakudai taa na viakisi. Usingoje mtu wa Mumias aniandikie mara ya pili, au asiandike kabisa.

NIMWAMBIE VIPI DEREVA APUNGUZE?

Nasoma Maseno, nyumbani ni Busia. Matatu zikiwa mbio, abiria wote hunyamaza, wengine hata hufurahia. Mimi ni msichana, nikisema wataniambia nina woga wa kike. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Maseno

Binti yangu, sema. Kwa jambo hili kuna ushahidi kutoka kwetu Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za masafa vibandiko vinavyowahimiza abiria wakemee dereva anayekimbia ovyo. Magari ya kubandikwa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, ili yalinganishwe na yale yasiyobandikwa. Madai ya bima kwenye yale yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Karatasi tu, na sauti za abiria waliokuwa wamekaa kama wewe. Sijui dawa nyingine ya barabarani yenye bei ndogo hivyo na faida kubwa hivyo.

Kuhusu namna ya kusema, usianze na dereva. Anza na jirani yako wa kiti, kwa sauti ya chini: "Wewe unaona huu mwendo?" Mara nyingi atajibu kwamba naye alikuwa anaogopa. Mkiwa wawili, mwambieni kondakta: "Kondakta, tafadhali mwambie dereva apunguze, hatuna haraka." Neno hilo la mwisho lina kazi, kwa sababu dereva hujiambia kwamba anakimbia kwa ajili yenu. Usimtukane wala usimwite mwendawazimu, maana akiaibishwa mbele ya watu anaweza kuongeza. Na akipunguza, mshukuru kwa sauti ili wote wasikie.

Wakikuita mwoga wa kike, waulize matatu inaruhusiwa kwenda ngapi. Ni 80, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Neno hilo la kike linatumiwa kukunyamazisha wewe na kuwanyamazisha wanaume watatu walioketi nyuma wakiwa na woga ule ule, maana hakuna kati yao anayetaka kuitwa hivyo. Ukisema wewe, wao wanapata ruhusa.

Funga mkanda tangu stejini, hata kama umechakaa na hata kama wewe ndiye wa pekee. Andika nambari ya gari na jina la chama cha wenye matatu lililoandikwa ubavuni. Wapigie chama chao au uwaandikie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukishafika, ukitaja saa na mahali. Na kama hasikii kabisa, usifike naye hadi Ugunja. Shuka Luanda au Yala, penye watu na magari mengine, mchana. Dai nauli iliyobaki. Ukinyimwa, shuka hivyo hivyo.